Akiba Haiozi? Maisha ya Noti ya Shilingi Mia

Akiba haiozi. Kwa miaka 37 nilisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari nikiwataka waeleze maana ya methali hii na matumizi yake, na kwa miaka 37 majibu yalikuwa yaleyale: ukiweka kitu leo, kitakufaa kesho. Jibu hilo lilistahili alama zote. Hata hivyo, sisi wapenzi wa lugha hatufungwi na miongozo ya kusahihishia mitihani. Tunaruhusiwa kuuliza: haiozi kwa sababu gani? Na je, kuna wakati iliwahi kuoza?

Mapema mwaka 2025, kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili, Benki Kuu ya Tanzania iliwataka wananchi wenye noti za matoleo ya zamani, yaliyoanzia mwaka 1985, wazipeleke benki wabadilishiwe. Baada ya hapo zisingekuwa fedha halali. Tangazo hilo lilinirudisha kwenye noti iliyoijaribu methali yetu kuliko mtihani wowote nilioutunga: noti ya shilingi mia moja. Ilizaliwa mwaka 1966 ikiwa kubwa kuliko zote nchini. Kabla karne haijaisha ilikuwa imegeuka kipande cha chuma cha kulipia vitu vidogo vidogo. Maneno yake hayakubadilika. Mia ilibaki mia. Kilichobadilika ni kila kitu kilichosimama nyuma ya neno hilo.

Fedha ilipokuwa fedha

Tuanze na lugha, maana lugha ni shahidi mkongwe. Neno fedha tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile metali nyeupe ing'aayo. Mzee wa pwani aliyefukia reale zake chini ya kitanda, au rupia zilizovuka bahari kutoka Bara Hindi, alikuwa amefukia fedha kwa maana zote mbili. Kama sultani angeanguka, metali ingebaki. Hapo methali ilikuwa kweli tupu: nafaka huliwa na fukusi, nyama huoza, fedha haiozi.

Majina mengine nayo yana nasaba zake. Pesa imetokana na paisa ya Wahindi. Sarafu ni Kiarabu. Sumuni ni thumni, sehemu ya nane, ambayo kwetu ikaja kuwa senti hamsini. Wajerumani walipoigawa rupia yao katika heller 100, mwaka 1904, walituachia hela. Waingereza wakaleta shilingi na senti. Kila aliyetutawala au kufanya biashara nasi aliacha neno mfukoni mwetu, na mara nyingi neno hilo limedumu kuliko utawala wake. Leo hakuna anayeweza kununua chochote kwa heller, lakini kila mtu analalamika kwamba hana hela.

Chombo kilichoitawala shilingi ya awali kilikuwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ikaketi London hadi mwaka 1960 ilipohamia Nairobi. Shilingi ya Bodi ilifungwa kwenye pauni ya Uingereza: shilingi 20 kwa pauni moja, bila kupepesuka. Noti zake zilitaja kiasi kwa Kiingereza, na pia kwa hati za Kiarabu na Kigujarati, kwa kuwa waliozipokea sokoni walikuwa watu wa namna nyingi. Noti ya mia ilijitaja kwa majina mawili: shilingi mia moja, au pauni tano. Yaani hata ikiwa mkononi mwa mkulima wa Bukoba au mchuuzi wa Tanga, noti ile ilijua kwao ni wapi.

Uimara huo ulikuwa na gharama yake. Ili Bodi itoe shilingi, ilipaswa kwa sehemu kubwa kuwa na mali ya thamani hiyo iliyowekezwa Uingereza. Kwa hiyo jasho la pamba, mkonge na kahawa lilikuwa linakopeshwa London ili sisi tupate karatasi za kununuliana chumvi. Bodi haikuwa benki. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuweza kuikopesha serikali, wala kuongeza mikopo wakati wa kilimo na kuipunguza baada ya mavuno. Ilikuwa dirisha la kubadilishia fedha, basi. Uhuru ulipokuja, swali likawa lisiloepukika: nchi huru itaishi kwa dirisha?

Mia ya mwaka 1966

Mtaalamu wa Kijerumani, Erwin Blumenthal, alikwishaandika taarifa mwaka 1963 kuhusu mustakabali wa fedha za Tanganyika. Matumaini ya kuwa na sarafu moja chini ya shirikisho la Afrika Mashariki yalififia, na mwezi Juni 1965 Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alitangaza kwamba Tanzania itakuwa na benki kuu yake. Tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu Nyerere aliifungua Benki Kuu ya Tanzania, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Kenya na Uganda nazo zilifungua benki zao mwaka huohuo. Shilingi moja ikawa shilingi tatu, zikianza zikiwa na thamani sawa.

Noti zilizotolewa zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100, zikiwa na picha ya Mwalimu. Mia ikawa ndiyo mkubwa wa familia. Kwa kiwango cha siku hizo, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na kidogo, hivyo noti moja ya mia ilikuwa na thamani ya dola 14. Lakini thamani hiyo haikutokana na metali wala na pauni tano zilizoandikwa pembeni. Ilitokana na ahadi. Noti ya Bodi ilisema: nyuma yangu kuna London. Noti ya mwaka 1966 ilisema: nyuma yangu mpo ninyi wenyewe, kazi yenu, na serikali yenu.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Kuitoa fedha kwenye metali na kuiweka kwenye neno ni tendo la lugha. Noti inayosema kwamba ni fedha halali kwa malipo ya kiasi fulani haielezi tu jambo lililopo. Kwa kusema hivyo inalifanya liwepo, kama vile maneno ya kadhi au padri yanavyowafanya wawili kuwa mume na mke. Na kama ilivyo ndoa, maneno hutimia siku moja, lakini kuyatunza ni kazi ya kila siku.

Mwanzoni ahadi ilitunzwa vizuri. Novemba 1967 Uingereza ilipoishusha pauni yake, Tanzania haikufuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti kadhaa. Kwa kipimo hicho mtoto alikuwa amempita mzazi kimo. Mwaka huohuo, baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilikuwa zimetaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mia ilikuwa mia.

Kilichofumuka

Mambo hayakuharibika kwa siku moja wala kwa sababu moja. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliilazimisha nchi kununua chakula nje wakati uleule bei ya mafuta ilipopaa duniani. Bei nzuri ya kahawa mwaka 1976 na 1977 ilileta ahueni fupi. Kisha, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka wa Kagera. Nchi ilishinda vita ile, lakini ililipa kwa fedha ilizokuwa nazo na ambazo haikuwa nazo. Mwaka 1979 mafuta yakapaa tena. Viwanda vikakosa vipuri, maduka yakakosa sabuni, na serikali, mapato yake yasipotosha matumizi, ikaikopa benki yake yenyewe. Noti ziliongezeka na bidhaa zikapungua. Kuanzia mwaka 1980 bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka.

Kiswahili kina jina la hali hii: mfumuko wa bei. Ni jina zuri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kinachofumuka ni kilichofumwa au kushonwa: ukili wa mkeka, mshono wa shati. Mshono ukifumuka hapatokei mlipuko. Uzi mmoja huachia, kisha wa pili, na mvaaji hugundua akiwa tayari mbele za watu.

Marehemu mama yangu alikuwa mkulima wa kahawa kule Muleba. Baada ya vita vya Kagera alianza kuweka noti za mia katika kopo la majani ya chai, akikusudia kuezeka nyumba kwa bati. Hakuwa mtu wa benki, lakini hata zingekaa benki hadithi isingebadilika sana, kwa kuwa riba haikuweza kushindana na bei. Alipofungua kopo mwaka 1987, noti zilikuwa zote, hazikuliwa na mchwa wala kuguswa na mwizi. Fungu lililokuwa likitosha bati za nyumba nzima sasa lisingefunika hata jiko. Alizihesabu mara mbili, kisha akasema neno moja tu: "Zimetimia." Sijapata kusikia neno la kweli na la uchungu namna hiyo. Hesabu ilitimia. Akiba ilikuwa imeoza ndani ya tarakimu zilizotimia.

Imeshuka au imeshushwa?

Hapa naomba niingie darasani kidogo. Kila mwalimu wa Kiswahili hufundisha kauli za vitenzi: shuka, shusha, shushwa. Katika kauli ya kutenda, "shilingi imeshuka", shilingi ni kama mtu aliyeteremka ngazi kwa hiari yake. Katika "shilingi imeshushwa" kuna mshushaji, hata kama hajatajwa. Msikilize mtangazaji yeyote wa habari za uchumi: bei zimepanda, thamani imeshuka, hali imekuwa ngumu. Sarufi imemficha mtendaji.

Mjadala mkubwa wa taifa letu kati ya mwaka 1979 na 1986 ulihusu hasa kitenzi hicho. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe, ruzuku zipunguzwe na biashara ifunguliwe. Mwalimu Nyerere alikataa, na katika salamu zake za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi alihoji ni lini shirika hilo liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Edwin Mtei, aliyekuwa amehama kutoka ugavana na kuwa Waziri wa Fedha, alikwishajiuzulu mwaka 1979 kwa kutofautiana na mkuu wake juu ya jambo hili. Mwaka 1983 Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Maneno walanguzi, magendo, foleni na kibali yakawa chakula chetu cha kila siku, kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa haba.

Nilipohitimu chuo cha ualimu na kupokea mshahara wangu wa kwanza mwaka 1985, nililipwa kwa noti za mia ambazo hazikufika ishirini. Wakati huo dola moja ilikuwa bado shilingi 17 kwa bei ya serikali. Mitaani ilikuwa mara kadhaa ya hapo. Ndipo mwezi Novemba Mwalimu alipong'atuka, na Rais Ali Hassan Mwinyi akaingia. Ndani ya mwaka 1986, makubaliano na Shirika la Fedha yakiwa yamefikiwa, dola ilitoka shilingi 16 na kitu hadi zaidi ya 50. Mwishoni mwa mwaka 1990 ilikaribia 200, na mwishoni mwa mwaka 1993 ilikuwa 480. Ile noti ya mia iliyozaliwa na thamani ya dola 14 ikawa haifiki dola mbili, kisha nusu dola, kisha kama senti 20 za dola.

Ni rahisi kusema kwamba mwaka 1986 ndio uliomwibia mama yangu. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na siwezi kulisema hivyo. Kahawa yake iliuzwa nje kwa dola. Dola hizo zilipobadilishwa kwa shilingi 17 badala ya thamani yake halisi, mkulima alipewa shilingi chache, na aliyepata kibali cha kununua dola kwa bei hiyo ya chini ndiye aliyebaki na tofauti. Kwa hiyo shilingi iliyokataa kushuka ilimnyang'anya mama alipokuwa akiuza, na shilingi iliyoshushwa ilimnyang'anya alipofungua kopo. Alilipa mara mbili deni ambalo hakulikopa. Wasomi hubishana kuhusu sera ipi ilikuwa sahihi, nami nawasikiliza pande zote. Lakini sijasikia mjadala unaoanzia kwenye kopo la majani ya chai.

Maneno yaliyozaliwa kwenye shida

Watu wasipokuwa na uwezo wa kupanga bei, hupanga maneno. Shilingi tano mtaani iliitwa dala, jina lenye asili ya dola. Magari binafsi ya abiria yaliporuhusiwa Dar es Salaam miaka ya themanini, yalitoza dala, na makondakta wakawa wakiita "dala dala!" Nauli ile imekwisha zamani, sarafu ile haionekani, lakini daladala zimejaa barabarani. Rais Mwinyi alipofungua milango ya biashara akapewa jina la Mzee Ruksa, na neno ruksa likawa jina la zama nzima. Mwaka 1992 yakaruhusiwa maduka ya kubadilishia fedha za kigeni, na jambo lililokuwa kosa la jinai likawekewa kibao na taa.

Noti nazo zilikuwa zikiongezeka kimo: mia mbili mwaka 1986, kisha mia tano, na elfu moja mwaka 1990. Katikati ya miaka ya tisini zikafuata elfu tano na elfu kumi. Vijana wakazipa majina yao: jero kwa mia tano, buku kwa elfu, msimbazi kwa ile nyekundu ya elfu kumi. Wapo wanaoyadharau maneno haya wakiyaita ya kihuni. Mimi nayaheshimu. Jina la utani ni dalili kwamba kitu kimezoeleka, na mtu halizoei jambo ila limekwisha kumfika.

Mia yenyewe iliondoka kimya. Karatasi huchakaa upesi inapobadilishana mikono kwa vitu vidogo, na kuichapa upya kuna gharama. Katikati ya miaka ya tisini ikawa sarafu, upande mmoja sura ya Mwalimu, kama alivyokuwa kwenye noti ya mwaka 1966, na upande wa pili swala wakikimbia. Sijui mchoraji aliwaza nini, lakini kila niionapo sarafu hiyo nawaona swala wale kama thamani yenyewe, migongo yao ikitokomea porini. Mwaka 2014 mia tano nayo ilifuata njia hiyohiyo kutoka karatasi hadi chuma.

Katika kuyawaza haya niliandika beti mbili, ambazo nawaachia wenzangu washairi wazikosoe:

Mia uliitwa mia, heshima yako sokoni,
Wengi walikuwekea, kashani na mitungini,
Bei zikakukimbia, jina likabaki ndani,
Akiba haikumea, ilioza mkobani.

Hela ilikwisha kufa, neno lingali vinywani,
Na rupia yenye sifa, twaikuta vitabuni,
Lugha hupima maafa, yasosemwa hadharani,
Noti yachakaa, yafa, neno hudumu ndimini.

Je, methali imekosea? Siamini hivyo. Wahenga walisema akiba, hawakusema noti. Akiba ni kile kinachobaki na nguvu ya kukufaa kesho, na fedha ya karatasi ina nguvu hiyo kwa kadiri tu ahadi yake inavyotunzwa. Ndiyo maana wakulima wengi wa kizazi cha mama, baada ya kuonja, walirudi kwenye akiba wanayoijua: ng'ombe, miti, na shamba la mtoto. Mama mwenyewe aliezeka nyumba yake miaka sita baadaye, kwa miti ya mikaratusi aliyoipanda na kuiuza. Bei ya miti ilikuwa imepanda pamoja na bei ya bati. Kopo la majani ya chai lilibaki la kuwekea mbegu.

Ombi langu kwa watunzi wenzangu ni dogo. Mnapoandika juu ya ugumu wa maisha, kabla hamjasema "bei zimepanda", jaribuni kwanza kuutafuta mtendaji wa kitenzi hicho. Huenda mkampata, huenda msimpate, na huenda mkakuta ni wengi, nasi tukiwamo. Na kwa wale mliokulia mahali penye majina ya fedha ambayo sikuyataja hapa, ya Unguja, Mombasa, Kigoma au Lubumbashi, yaandikeni pamoja na mwaka mlioyasikia na kitu yalichoweza kununua. Hiyo ndiyo orodha ya bei ninayoiamini.